Nilimsingizia wizi mchumba wa dada yangu. Je, majuto yangu yatanipatia radhi yake?

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 33, nafanya biashara ya nafaka hapa Busia, upande wa Uganda. Mwakani, Mungu akipenda, nakwenda Hija. Unajua desturi yetu: kabla ya safari ile mtu huzunguka kwa jamaa na majirani akiomba radhi. Nimeanza kuandika majina ya watu wa kuwaendea, na jina la kwanza limenishinda kuliandika. Ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Dada yangu alinizidi miaka saba. Mama alikuwa akishinda sokoni, na siku nyingine akilala Mbale kufuata mahindi, kwa hiyo aliyenilea hasa ni dada. Yeye ndiye aliyenisuka, aliyenifulia sare, aliyekaa nami na hesabu za P7, darasa la saba, mpaka taa ikaisha mafuta. Mwaka 2005 alikuwa na miaka 20, na alikuwa na mchumba wa siri, kijana wa boda ya baiskeli aliyekuwa akivusha watu na mizigo mpakani. Hakuwa na kitu na hakuwa wa kabila letu, siri ikawa lazima. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea barua. Nilizificha ndani ya daftari la sayansi, na kila safari kijana alininunulia mandazi.

Siku moja nikafungua barua. Alikuwa ameandika kwamba amepata kazi kiwandani Jinja, na kwamba mfungo ukiisha waende kwa sheikh, wafunge ndoa, wahamie huko. Shangazi, mambo ya ndoa sikuyaelewa. Nilichoelewa ni kwamba dada anaondoka na mimi nabaki peke yangu.

Wiki hiyohiyo pesa za chama zikapotea. Mama alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama, na zilikuwa laki nane, ndani ya kopo la maziwa ya unga, nyuma ya magunia stoo. Usiku ule nilitoka kwenda msalani nikamwona mwanamume akitoka stoo. Nilimwona mgongo tu. Asubuhi mama alipopiga mayowe na watu wakajaa uani, baba mdogo akaniuliza mbele ya wote: "Wewe ulitoka usiku. Ulimwona nani?" Nikamtaja mchumba wa dada. Nilidhani ni yeye, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kuja usiku kuongea na dada dirishani.

Walimkuta stendi. Sitaki kuandika yote. Walimpiga kwa magongo na kwa mnyororo wa baiskeli yake mwenyewe. Angekufa pale pale kama mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, asingemlalia mwilini mpaka polisi wakafika. Goti la kushoto halikupona tena, na sikio moja halisikii.

Askari waliponihoji nilijua moyoni kwamba mgongo ule haukuwa wake, maana yeye ni mrefu na yule niliyemwona alikuwa mfupi. Lakini nilikuwa nimeshasema. Kortini nikarudia, na baba mdogo naye akaapa kwamba alimwona akiruka ua. Alifungwa miaka miwili. Dada tangu siku ya kwanza alisema si yeye, na hakuna aliyemsikiliza. Wengine wakamwita mshirika wa mwizi. Mwaka uliofuata akaozwa kwa mfanyabiashara Mbale, mke wa pili. Kabla hajaolewa, kijana alimtumia barua kutoka gerezani kwa mkono wa mfungwa aliyemaliza kifungo. Ilipitia kwangu kama zamani. Sikumpa dada. Ninayo mpaka leo, na sijaifungua.

Baba mdogo alifariki mwaka 2014. Baada ya msiba mkewe aliniambia kwamba pikipiki yake ya kwanza aliinunua kwa pesa zile za chama. Dada naye akaugua saratani, nikamuuguza, akafariki 2019. Akiwa mgonjwa aliniuliza kama kweli nilimwona yule kijana usiku ule, nikamwambia ndiyo.

Yule kijana sasa ni mtu mzima. Anatengeneza baiskeli na pikipiki Tororo, ana mke na watoto. Nikipita kwa taxi namwona akiinuka kwa kushika meza. Nilisikia alipata kazi ya ulinzi Dubai, akakwama kwenye cheti cha tabia njema cha polisi kwa sababu ya kifungo kile.

Shangazi, nimefunga, nimetoa sadaka kwa niaba ya dada, namlipia mtoto wake mmoja ada ya shule. Usingizi wangu si usingizi. Je, majuto ya miaka yote hii hayatoshi kunipatia msamaha wa mtu huyu? Niende kwenye kibanda chake nimpigie magoti kabla ya Hija? Mume wangu anasema niache, ya kale hayanuki, nitajifunga mwenyewe. Mama yu hai, ana miaka 70, na mpaka leo akimtaja mtu yule humwita "yule mwizi".

Mwenye Deni, Busia.

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Nitaanza na swali lako lenyewe, kwa sababu naona ndilo lililokutia hofu kuliko yote. Hapana. Majuto yako hayatoshi, na hata yangekuwa mara kumi yasingetosha, kwa sababu msamaha wa mtu haupatikani kwa kupima mkosaji ameumia kiasi gani. Wewe ulikesha Busia, yeye alichechemea Tororo, na kukesha kwako hakukumpunguzia hata hatua moja. Hajui kwamba umelia. Hajui kwamba umefunga. Kwa upande wake, tangu mwaka 2005 hakuna kilichobadilika: yeye ni mwizi aliyefungwa, na mtoto aliyemtaja amekua, ameolewa, ana duka la nafaka.

Simaanishi kwamba majuto hayana kazi. Yamekufanya uandike, na hiyo ni kazi kubwa. Ila umeyafunga pamoja mambo mawili ambayo nakuomba uyatenganishe leo. La kwanza ni jina lake. La pili ni msamaha wake. Jina lake ni deni, na deni hulipwa hata kama mwenye kudai amekukasirikia, hata kama hataki kukuona. Msamaha ni mali yake mwenyewe, atautoa au atauzuia, na hakuna siku utakayokuwa na haki ya kumwambia, "Nimekulipa, sasa nisamehe."

Wewe unakwenda Hija, kwa hiyo kisa cha Nabii Yusuf unakijua, na majirani zako Wakristo nao wanakijua. Alisingiziwa na mke wa mheshimiwa, akatupwa gerezani. Lakini rudi usome Sura ya 12 ya Kurani pale mfalme anapomwita atoke. Mlango umefunguliwa, mjumbe amesimama, na Yusuf anakataa kutoka. Anamwambia mjumbe arudi kwa bwana wake, kwanza waulizwe wale wanawake. Aliona afadhali abaki ndani mpaka ukweli usemwe kuliko atoke akiwa mtu aliyehurumiwa. Na yule mwanamke akasema mbele ya mfalme kwamba sasa haki imedhihiri, kwamba yeye ndiye aliyemtaka na Yusuf alikuwa mkweli. Hakumfuata pembeni kumnong'oneza. Alisema mahali palepale penye nguvu ya kurudisha jina.

Mtu wako alitoka gerezani bila hilo.

Sasa nikurudishe kwenye barua yako. Umeandika kwamba ulimtaja kwa sababu "nilidhani ni yeye". Mistari michache mbele unasema mbele ya askari "nilijua" kwamba mgongo haukuwa wake, kwa sababu yeye ni mrefu na yule mwingine mfupi. Urefu wa mtu hukuujua kituo cha polisi, mwanangu. Ulikuwa umemzoea kwa barua na mandazi. Sikuambii haya kukukandamiza. Nakuambia kwa sababu siku utakayosimama mbele yake, neno la kwanza atakalolisikiliza ni hilo: ulidhani au ulijua? Ukimpa "nilidhani" wakati ulijua, utakuwa umemsingizia tena, safari hii umemsingizia kwamba shati lake au mwendo wake ndio uliokudanganya. Kaa peke yako uamue lipi ni kweli. Na ile barua ya Jinja uliyoifungua, sema pia. Ulimtaja kwa sababu alikuwa anakuchukulia dada. Hilo ndilo neno ambalo amelikosa miaka yote hii, maana bila shaka amejiuliza mtoto yule alimkosea nini.

Nataka kuwa mwadilifu kwa yule mtoto pia. Mtoto wa miaka 13 hakustahili kuulizwa swali lile mbele ya ua mzima wa watu wenye hasira. Aliyekuuliza alikuwa mtu mzima, na kwa maelezo ya mkewe alikuwa anajua jibu, alikuwa anatafuta mdomo wa kumtajia mtu mwingine. Wewe ulikuwa ule mdomo. Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 28, inasema mtu yeyote anayeshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe, na kijana yule hakupewa hata muda wa kushuka kwenye baiskeli. Waliompiga walikuwa watu wazima, majirani, waswalihina na walokole, wengi wao bado wako hapo Busia na hakuna hata mmoja aliyeniandikia mimi. Inaniuma. Tumezoea kupiga watu kwanza kisha kuuliza, na mtu akifa tunasema alikuwa mwizi. Mwenyekiti yule wa LC1, kama bado yu hai, nakuomba umsalimie.

Na mahakamani, sheria yetu haitaki mtu afungwe kwa neno la mtoto mdogo asiyekula kiapo peke yake. Lazima ushahidi mwingine uliunge mkono. Ushahidi huo ulitoka kwa baba yako mdogo. Kwa hiyo kifungo kile hukukijenga peke yako, na huna ruhusa ya kukibeba chote kana kwamba wengine hawakuwepo. Kujibebesha yote ni njia nyingine ya kukwepa kuyaeleza yalivyokuwa.

Lakini kuna mahali umepita mbio, na mimi nimesimama hapo.

"Akiwa mgonjwa aliniuliza kama kweli nilimwona, nikamwambia ndiyo." Mstari mmoja tu. Mwanangu, uongo wa 2005 ulikuwa wa mtoto aliyeogopa kubaki peke yake. Huu wa pili ni wa mwanamke mzima, tayari mama, tayari ameshaambiwa na mke wa marehemu pesa zilikokwenda. Dada yako alikuwa anakufa, na alikuwa amebaki peke yake katika familia nzima kuamini kwamba mchumba wake hakuiba. Alikuuliza wewe kwa sababu ungeweza kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Ukamwacha aondoke na shaka. Huenda ulisema ndiyo kwa kuogopa kumwumiza, au kwa kuogopa atakavyokutazama siku zilizobaki. Vyovyote vile, hapo ndipo penye jeraha lako, na ndiyo maana sadaka na ada ya mtoto hazikutulizi. Unamlipa dada vitu ambavyo hakuviomba. Alichokiomba ni neno.

Dada hawezi kukusamehe sasa, na hakuna mtu anayeweza kukusamehe kwa niaba yake. Mama hawezi, watoto wake hawawezi, mimi siwezi. Hilo utaishi nalo. Lakini bado kuna kitu anachokudai na unaweza kukilipa: aliitwa mshirika wa mwizi, na hakuwa. Popote utakapolisafisha jina la mchumba wake, taja na lake. Sema dada yangu alisema kweli tangu siku ya kwanza. Watoto wake waje wajue hilo kuhusu mama yao.

Sasa namna ya kufanya.

Usiende kwenye kibanda. Najua kwetu mwanamke kupiga magoti ni heshima, na najua unadhani ni unyenyekevu. Fikiria kitakachotokea. Wateja wapo, mkewe huenda yupo, vijana wa pikipiki wapo, na mama mwenye ushungi anaanguka kwenye mafuta machafu analia. Kila aliyepo ataanza kumwambia, "Msamehe bwana, mama wa watu amepiga magoti." Utakuwa umemkusanyia umati kwa mara ya pili. Akisamehe, atakuwa amesamehe kwa aibu. Akikataa, yeye ndiye ataonekana mkatili. Mtu huyu anastahili angalau mara moja katika maisha yake aamue jambo lako akiwa ametulia na mlango umefungwa.

Mtume mtu. Tafuta mzee anayemheshimu yeye, si anayekuheshimu wewe. Imamu wa msikiti anaoswali, au mjomba wake. Mzee amwambie kwamba yule msichana wa Busia anataka kueleza ukweli, anakiri alisema uongo, na anauliza kama yuko tayari kumsikiliza, wapi na lini, au kama hataki kabisa. Jibu lolote analotoa ulichukue. Akikubali, nenda na mzee huyo, kaa chini, sema yaliyotokea kwa maneno machache. Usitangulize machozi. Usitangulize "nilikuwa mtoto", hata kama ni kweli. Yeye mwenyewe akitaka kukuhurumia kwa umri wako ataona. Na Hija usiitaje. Akisikia kwamba umekuja kwa sababu una safari, atajua kwamba umekuja kusafisha njia yako, na atakuwa hajakosea sana.

Jambo la Hija nitalisema wazi, na sheikh wako atakueleza zaidi. Ile desturi ya kuzunguka na "nisamehe kama kuna mahali nilikukosea" ni nzuri kwa maneno ya jikoni na deni la chumvi. Haifai kwa hili. Masharti ya toba umefundishwa madrasa: kuacha dhambi, kuijutia, kuazimia kutoirudia, na pale inapohusu haki ya mja, kumrudishia mwenye haki yake. Hilo la nne ndilo lako. Deni hutangulia Hija. Kama mimi ningekuwa mama yako ningekwambia usiende mwakani. Kaaba haihami.

Kwa sababu pesa zile za safari zina kazi. Ndugu zetu Waacholi wa kaskazini wana desturi ya upatanisho iitwayo mato oput, inayofanyika mtu wa ukoo mmoja anapomuua mtu wa ukoo mwingine. Kabla pande mbili hazijanywa kutoka kibuyu kimoja ule mzizi mchungu, ukweli lazima uwe umesemwa, na fidia lazima iwe imelipwa. Hawaanzi na kunywa. Lako si la mauaji, lakini mpangilio huo naupenda. Goti lile lina gharama, sikio lina gharama, kazi ya Jinja iliyopotea na ya Dubai iliyopotea zina gharama. Mzee aliyetumwa amuulize kama atakubali kitu, na kama atakubali, kisipelekwe siku ile ile ya maneno, asije akadhani unanunua. Akikataa pesa zako, usimlazimishe na usimtafutie njia ya mkato kwa mkewe au kwa watoto wake.

Mume wako anasema ya kale hayanuki. Mwambie kwa upole kwamba kwa mtu anayeshika meza ili asimame, hayajawa ya kale. Waswahili walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Ila katika jambo moja mume wako ana haki ya kuogopa, na hapo nakuomba unisikilize sana. Usiandike karatasi yoyote wala kwenda polisi kabla hujaonana na wakili. Kutoa ushahidi wa uongo ni kosa la jinai, na sheria yetu ya watoto inahesabu mtu anaweza kujibu kosa kuanzia miaka 12. Wewe ulikuwa na 13. Wakili ndiye atakayekwambia hilo lina uzito gani baada ya miaka yote hii na useme nini kwa namna gani. FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichopo tangu 1974, huwasaidia wanawake bila malipo, na Uganda Law Society, chama cha mawakili, nayo ina mradi wa msaada wa sheria.

Kinachotafutwa kwa wakili ni hati ya kiapo, mbele ya kamishna wa viapo, ikieleza kwamba ushahidi wako haukuwa kweli, na mke wa baba mdogo akubali naye kuapa aliyoyajua kuhusu pikipiki. Rufaa kwa kawaida ni ndani ya siku 14 baada ya hukumu, muda uliokwisha zamani, lakini mahakama inayosikiliza rufaa ina uwezo wa kuongeza muda kukiwa na sababu ya msingi. Sikuahidi kitu. Aliyefungwa ndiye mwenye kuamua kama anataka kurudi mahakamani, maana ni yeye atakayesimama tena mbele ya hakimu. Kazi yako ni kumwekea silaha mkononi. Kama hukumu ile itafutwa, cheti cha polisi nacho kinaweza kumfungukia. Kama hataki kesi, hati ile atakuwa nayo, ataionyesha wanawe akipenda.

Ile barua ya gerezani mrudishie. Usiifungue, usiwape watoto wa dada, usiichome kwa kudhani unamwonea huruma. Aliiandika kwa mtu aliyempenda na haikufika, na ni haki yake kujua kwamba dada yako hakumpuuza: hakuipata. Huenda miaka yote amedhani alisoma akanyamaza, kisha akaolewa. Nadhani hili litamwuma kuliko kifungo. Mpe hata hivyo, na umwambie kwa nini haikufika.

Usishangae akikwambia hakusamehi. Anaweza kukwambia leo hapana, na baada ya miaka mitano akamtuma mzee yuleyule na neno jingine. Anaweza asikwambie lolote hadi kufa. Wewe usitume watu wa kumbembeleza, usimpelekee mbuzi wakati wa Idi, usihesabu siku. Endelea kumsomesha mtoto wa dada kwa sababu ni mtoto wa dada. Na mtu akikuuliza Busia, awe jirani au mteja, mjibu kwamba kijana yule hakuiba.

Amebaki mama. Yeye ni mzee, lakini usimfanye mzee kuwa kisingizio. Ndiye aliyepiga mayowe, ndiye aliyemwoza dada Mbale, na kila akisema "yule mwizi" anamrudisha mtu yule gerezani mbele ya wajukuu. Atalia, pengine atakukasirikia, pengine atamtetea shemeji yake marehemu. Mwambie ukiwa naye peke yenu, kabla mzee hajatumwa Tororo, ili asije kulisikia sokoni. Na kwa kuwa ndiye aliyekuwa mlalamikaji, muulize kama bado ana karatasi za kesi. Namba ya kesi, mwaka na jina la mahakama ndivyo wakili atakavyovitaka kwanza. Ukishavipata, niandikie tena.

Shangazi yako.